Sufuria ya Mukwe

Juma lililopita tulimwacha Pélagie nje ya chumba cha pembeni, mukono kwenye kitasa, na sauti ya Rosine muuguzi inatoka ndani: "Farmasi, kuja upesi. Mugonjwa wako haitiki."

Sasa tuingie naye.

Mama Régina amelala chali. Jasho limemutoka mpaka shuka imelowa. Macho yako wazi lakini hayamwoni mutu, na vidole vinachezacheza juu ya shuka kama vya mutu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Dokta Blaise alikuwa ameshafika. Aliinama juu ya kitanda na hakugeuka.

"Dawa ya sukari, mumemupa kiasi gani?"

"Kidonge kimoja asubuhi," Pélagie akasema. "Ndicho ulichoagiza, dokta."

"Ninajua nilichoagiza. Ninauliza farmasi ilitoa nini."

Rosine akamuchoma mugonjwa kwenye kidole, akapeleka tone la damu kwenye mashine ndogo, akangoja. Akaitikisa ile mashine. Akachoma tena, akangoja tena.

"Sukari iko chini kabisa," akasema polepole. "Sijaona bado mutu muzima na sukari ya namna hii."

Pélagie hakungoja kutumwa. Alikuwa ameshavunja chupa ya sukari ya mushipa, ameivuta kwenye sindano, anamunyoshea dokta. Ikaingia polepole. Wote wakatazama uso wa yule mama muzee.

Vidole vikatulia. Macho yakazunguka dari, yakashuka, yakasimama juu ya Dokta Blaise.

"Wewe," Mama Régina akasema, "mbona umeegemea mukono wangu?"

Rosine akacheka kwa pumzi. Dokta Blaise hakucheka. Alijinyosha, akamutazama Pélagie kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kesho kwenye mukutano utasimama mbele ya maprofesa, utaeleza. Walituambia résidente wa farmasi atafuata dawa mpaka kitandani, eti wagonjwa watapona zaidi. Huyu hapa, mutazameni alivyopona."

Akatoka na madokta wachanga nyuma yake. Mumoja wao akasema kitu mulangoni, wengine wakacheka. Labda hakikumuhusu Pélagie. Yeye alikihesabu chake.

Kwa aliyetukuta njiani leo: Pélagie ni musichana wa Wamaza, kule Kabambare. Alisomea farmasi mbali, miaka mingi bila kurudi nyumbani, kisha hospitali ya chuo hapa Kasongo ikamuchukua kuwa résidente, afanye mwaka wa kwanza wa mazoezi ya juu. Madokta wa mwaka wake wako kundi. Wanakula pamoja, wanalalamika pamoja, mumoja akikosea wengine wanamufunika. Wa farmasi ni yeye tu. Chakula chake anakila amesimama, katikati ya makarto ya sérum, maji ya mushipa. Jina lake hapa ni Farmasi. Farmasi leta, Farmasi hii iko, Farmasi hii imeisha lini. Kuna siku anafika chumbani kwake jioni, anavua viatu, anagundua kwamba tangu asubuhi hajasema neno lolote lisilokuwa la dawa.

Sasa Pélagie alibaki na Rosine, aliyekuwa anamupangusia mugonjwa jasho.

Dawa ilikuwa sawa. Aliitazama mara mbili, kidonge ni kile, nguvu yake ni ile. Basi akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, leo asubuhi ulikula nini?"

Mama Régina akageuza uso ukutani.

"Na jana?"

Akavuta shuka mpaka begani.

"Mama, jana ulikula nini?"

"Nilikunywa maji," akauambia ukuta.

"Haiwezekani," Rosine akaingilia. "Chakula chake kinaletwa kila siku. Mimi mwenyewe ninaona sufuria dirishani ninapompa kidonge."

Munajua jinsi hospitali zetu zilivyo: hospitali inatoa dawa, jamaa wanatoa chakula. Muuguzi akiona sufuria, anajua mugonjwa ana watu. Anatoa kidonge, anapita kwa mwingine.

Pélagie akaenda dirishani. Sufuria ilikuwa pale, imefungwa kwa kikwembe safi, fundo gumu. Akaweka mukono juu yake. Ya moto bado. Akaifungua: bukari, ndio ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, na samaki wa Nyangwe aliyekatwa vizuri. Hakuna aliyegusa hata pembeni.

Nje, chini ya dirisha, mwanaume alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alikuwa amewapa mugongo.

"Huyo nani?"

"Garde-malade wake," Rosine akasema. "Ndiye anayemuuguza. Anapika mwenyewe kule nyuma, katikati ya wamama, wanamucheka kutwa nzima. Lakini haingii. Hata ukimwita haingii. Sisi tunasema kichwa chake hakiko chote."

Pélagie alimukumbuka. Alikuwa amemusemesha kwenye kidirisha cha farmasi, siku Mama Régina alipoanza dawa. Hasira ikamupanda. Akatoka, akazunguka nyumba, akasimama mbele yake.

"Papa, nilikuambia nini siku ile?"

Mwanaume akasimama kwa heshima, macho chini. "Ulisema asimeze kidonge na tumbo tupu."

"Na nini tena?"

"Kwamba mimi mwenyewe nimutazame akila kwanza."

"Ukaitika."

"Niliitika."

"Sasa umemutazama?"

Yule mwanaume akapangusa mikono kwenye suruali. "Dada," akasema kwa sauti ya chini sana, "ulitaka nikae nimutazame mama ya muke wangu akitafuna?"

Hasira ya Pélagie ikakauka pale pale.

Ninyi musomao mukiwa mbali mutacheka, lakini wa kwetu ameshashika kichwa. Mwanaume na mama ya muke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Akija njia hii, mwenzake anashika ile. Hapigi hodi kwake, hamugusi, hamuoni akila. Si chuki, ni heshima yenyewe, ndiyo bukwe. Na Pélagie aliyajua hayo kabla ya kujua kusoma. Nyumbani kwao alikuwa anatumwa mbele njiani kuona kama bibi yake muzaa mama anakuja, ili baba yake apate kujificha. Lakini akiwa na koti jeupe kwenye kidirisha, alimuuliza yule mutu kama kitabu kinavyouliza. Alimuuliza: umeelewa? Hakumuuliza: huyu mugonjwa ni nani kwako?

"Muke wako yuko wapi?"

"Mado amejifungua juzijuzi. Yuko Wamaza, hawezi kupanda pikipiki bado."

"Basi mwanzoni nani alikuwa anampakulia?"

"Mama Aicha, wa kitanda cha pili. Muke wa mwuza zahabu mumoja kutoka Bukavu. Huyo alikuwa ananyosha mukono dirishani anachukua, wanakula pamoja na kucheka. Nilikuwa ninasikia. Kisha akapata ruhusa, akaenda, na kitanda kile hakijapata mutu. Tangu hapo sufuria inashinda dirishani, yeye hawezi kusogea karibu nami kuichukua. Jioni ninaiondoa, ninapika ingine."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nani?" akauliza, wala hakuwa na ubishi. "Ninamusogelea muuguzi, ananiambia saa ya wageni bado. Na wewe, dada, siku ile ulinianza na Kifaransa."

Pélagie akasogea karibu. "Kwa nini unaniita dada? Unanijua?"

Hapo ndipo yule mwanaume akainua macho.

"Mimi ni Sylvestre. Baba yangu na baba yako Baraka ni tumbo moja. Nilikuvusha Luama mugongoni, kiatu chako kimoja kikachukuliwa na maji, ukalia mpaka Wamaza."

Alikuwa na ndevu sasa, na mabega ya mutu wa shamba. Lakini sikio moja lilikuwa limekunjika juu, lile lile alilokuwa analivuta akiwa mutoto aone kama litanyoka.

"Yaya Sylvestre. Kaka yangu mukubwa, mbona hukujitaja pale farmasi?"

"Nilisimama ningoje unitambue." Akatabasamu kidogo, kwa kujilazimisha. "Ukasema: anayefuata."

Pélagie alitaka kukaa chini palepale karibu na jiwe. Alitaka kumuuliza habari za baba, za mama, nani ameoa, nani amezaa, kwa Kibangubangu, polepole, mpaka jua lizame. Tangu afike Kasongo, huyu ndiye mutu wa kwanza wa kwao, na alikuwa amekaa nyuma ya ukuta mumoja naye siku zote hizi.

"Farmasi." Rosine alikuwa dirishani. "Inashuka tena."

Akarudi mbio.

Mama Régina alikuwa ameanza kutetemeka upya. Rosine alikuwa anatafuta mushipa. Ule wa kwanza ulikuwa umepasuka, mukono umevimba. Akajaribu mwingine, ukapasuka. Ya miguu haikuonekana kabisa.

"Si tumemupa sukari? Kwa nini inashuka?"

"Kile kidonge hakitoki upesi," Pélagie akasema. "Kwa mutu muzee ambaye hajala, kinamushika mpaka kesho. Sukari ya mushipa inamuinua, kidonge kinamuvuta chini. Inabidi ale. Kidogo sasa, kidogo baadaye, jioni, usiku, alfajiri."

"Nikamuite Dokta Blaise?"

"Yuko kwenye operesheni. Na atasema nini? Atasema ale."

Rosine akatazama mulangoni. Kule salle kubwa ya wagonjwa mutu alikuwa anaita, na mwingine. "Mimi niko peke yangu na wote wale, Farmasi."

"Nenda. Nitakaa naye."

Akakoroga sukari katika kikombe cha maji ya moto, akakipeleka mudomoni mwa Mama Régina. Yule mama akakinusa, akakisukuma kwa mukono dhaifu.

"Ni sukari hii."

"Ndiyo, mama."

"Mulisema sukari ndiyo ugonjwa wangu. Mulinikataza hata muwa. Sasa munaniletea kwa kikombe?"

"Leo imekimbia yote, mama. Tunairudisha kidogo."

"Ninyi hamujui munachotaka," Mama Régina akasema, lakini akapiga mafunda mawili. Kisha akasogeza macho upande wa dirisha. "Yeye iko pale?"

Pélagie akachukua kikwembe cha sufuria, akakifunga dirishani mpaka nje hapakuonekana. Sauti tu ndiyo iliyopita: mutu anayekohoa, kiatu juu ya kokoto.

Akapakua. Akamega tonge ndogo ya bukari, akaichovya kwenye sombe, akaipeleka.

Kinywa hakikufunguka.

"Sili kwenye mukono nisioujua," Mama Régina akasema. "Mama Aicha aliniambia kwanza wote wa kwao, mpaka mababu. Wewe ni mutoto wa nani?"

Wasomaji wangu, hakuna aliyemuuliza Pélagie neno hilo tangu aingie katika hospitali hii. Wamemuuliza diploma yake ni ya wapi. Wamemuuliza dozi, na tarehe dawa inapokufa. Alitaka kumwaga yote. Mimi ni wa Baraka, mwenye shamba la karanga kule Wamaza, na wa Sarah-Grâce, na nyumba yetu iko karibu na kanisa.

Nje, Sylvestre akakohoa.

Na Pélagie akaona alipokuwa. Dada ya mukwe ni mukwe. Akisema Baraka, huyu mama atajua kwamba amekaa na jamaa ya mume wa binti yake. Atajifunika uso, atafunga kinywa, na hatakifungua hata kwa kisu. Wazee wa namna yake wako hivyo, na huyu alikuwa ameshalala na njaa kwa ajili ya heshima hiyo hiyo. Vidole vilikuwa vimeanza tena kuchezacheza juu ya shuka.

"Sina watu, mama," Pélagie akasema.

"Kila mutu iko na watu."

"Mimi sina. Baba hayuko. Mama hayuko."

"Walikufa wote?"

"Wote." Ilitoka bila shida, mpaka yeye mwenyewe akashangaa. "Sina kwetu. Mimi ni wa hospitali tu."

Mama Régina akamutazama kwa muda murefu. Ule ukali wake ukamwisha usoni, mustari kwa mustari.

"Maskini mutoto," akasema. "Leta."

Akafungua kinywa. Akatafuna polepole, akameza. Pélagie akamega tonge nyingine. Na nyingine, na kipande cha samaki, baada ya kuondoa miiba yote. Kufika katikati ya sahani, rangi ya midomo ikarudi. Yule mama akauzuia mukono wake, akamega mwenyewe tonge, akaichovya, na akaipeleka mudomoni mwa Pélagie.

"Kula. Mutu asiye na watu hatakaa ananitazama tu."

Pélagie akala. Mawese yalikuwa yamepikwa na pilipili ya kwao, ile ndogo ya shambani. Macho yakamuuma. Alisema ni pilipili.

Rosine akarudi mbio na mashine, akachoma kidole, akangoja.

"Imepanda," akasema. Akakaa kwenye kitanda kitupu, akavuta pumzi. "Imepanda vizuri, dada."

Ndiyo, alisema dada. Siku ingine Pélagie angelisikia.

"Jioni ale tena," akamuagiza. "Na usiku asilale bila kitu. Nitamwambia garde-malade apike mapema."

Akaenda dirishani, akafungua kikwembe. "Yaya, amekula," akanong'ona nje, mama asisikie. "Amekula nusu sahani. Upike tena..."

Jiwe lilikuwa tupu.

Akatoka, akazunguka nyumba, akapita penye majiko. Wamama wakamuonyesha kwa midomo upande wa lango. Sylvestre alikuwa ameshafunga mufuko wake nyuma ya pikipiki ya mutu, dereva ameshapanda.

"Yaya."

Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, alimutazama usoni, jambo ambalo hakulifanya vizuri tangu asubuhi.

"Nilimwacha baba yako juu ya nyumba, anarudishia paa," akasema. "Mama yako alikuwa chini, anamupa majani. Walinituma: ukimwona mutoto wetu, muambie tuko wazima."

"Nilisema vile ili ale. Unajua bukwe. Kama angejua mimi ni dada yako..."

"Ninajua bukwe kuliko wewe. Ungesema jina lingine. Ungesema umetoka Nyangwe, umetoka Kindu, wewe ni mutoto wa Petro au wa Paulo. Yule mama angekula." Akapanda nyuma ya dereva. "Kwa nini uliwaua?"

Pélagie akatafuta jibu. Alitafuta kweli. Jina lolote lingefaa, lakini ndani yake alikuta neno moja tu lililokuwa tayari, sina watu, limeshakaa pale siku nyingi.

"Ninakwenda Wamaza," Sylvestre akasema. "Nitawaambia wanachosemwa huku. Wewe uliye wa hospitali, hospitali imupikie mama yangu."

"Yaya, sukari yake itashuka tena jioni. Hana mutu mwingine."

Pikipiki ilishawaka. Kama alisikia, hakuonyesha. Walishika njia ya Kabambare, vumbi likasimama nyuma yao, na wamama wa majiko wakarudia vyungu vyao wakijifanya hawakuona.

Pélagie akarudi chumbani. Hakuwa na jiko, wala unga, wala mutu wa kumuomba. Kule farmasi watu walikuwa wanagonga kidirisha kilichofungwa tangu asubuhi.

Mama Régina alikuwa amekaa, mugongo ukutani, ameamuka kabisa. Alikuwa amemwachia nafasi kitandani, kando yake.

"Kuja ukae, mutoto wangu," akasema. "Jioni hii tutakula nini?"